Alasiri ya Mvumoni

Yumna aliapa kwamba siku hiyo hatalia. Aliapa asubuhi akipiga pasi baibui lake, akaapa tena gari lilipoondoka Wete, na lilipoiacha barabara ya lami na kuanza kuteremka njia ya mashimo iendayo Mvumoni akaapa mara ya tatu. Mtu akiapa mara tatu ujue kiapo chenyewe kimeshaanza kulegea.

Pembeni yake alikaa Ruweida, binti wa mamake mdogo, aliyepewa na wazee kazi ya kuwa jicho la nyumbani. Jicho lenyewe lilikuwa kwenye simu tangu safari ilipoanza. Walifika saa saba na nusu, mapema mno, kwa sababu Mzee Ngwali, mpiga ganuni na mkubwa wa kikundi chao cha taarabu, alimtaka mwimbaji wake aijaribu sauti kabla ya wageni kufika. Mvumoni hakuna spika. Siku hiyo ndiyo ya kwanza watu kualikwa kusikiliza taarabu katikati ya majabali, na kama sauti ya Yumna haitatosha, hakuna waya wala kifungo cha kumwokoa.

"Nenda kaimbe," Ruweida alimwambia bila kuinua uso. "Mie nipo hapa kivulini. Nikikwita, uje."

Yumna akashuka peke yake. Miaka miwili alikuwa ameisikia Mvumoni kutoka kinywa kimoja tu, na hakuwahi kuiona. Njia ilipita baina ya mawe mawili yaliyokaribiana mpaka ikabidi akusanye baibui lisikwaruzwe, kisha ghafla pakafunguka. Majabali meusi ya matumbawe yalisimama nusu duara yakauzunguka uwanja wa mchanga mgumu, na upande uliobaki wazi ulikuwa wa bahari. Mvua na chumvi zilikuwa zimeyala mawe yale miaka nenda miaka rudi, zikayachonga baraza juu ya baraza, pa kukaa mamia ya watu. Juu kabisa, ndani ya jiwe lililopinda, palikuwa na baraza moja ndogo iliyojificha. Hiyo watu waliiita Sikio.

Sikio ndilo lililoanzisha yote. Nabhan, fundi spika wa Madungu, mtu ambaye bila mitambo yake harusi za Chake hazinogi, alipanda pale siku moja kutafuta mtandao wa simu. Chini, mchangani, wanawake wawili walikuwa wakifunga magunia ya mwani huku wakimsengenya mume wa mtu kwa sauti ya kunong'ona. Nabhan aliyasikia yote kana kwamba amekaa baina yao. Mwengine angelishuka akawacheka. Yeye alikaa pale mpaka jua likapoa, akijiuliza fidla ingesikikaje. Toka siku ile akawa anafyeka miba, anachonga ngazi, anakwenda kwa sheha kuomba ruhusa na kurudi, na watu wakamcheka kwamba fundi spika anajenga pahala pasipotaka spika, kama muuza miavuli anayeomba jua.

Ndiye aliyekuwa pale sasa, mikono ya shati imekunjwa, anafagia majani juu ya jiwe bapa lililofanywa jukwaa. Alipomwona Yumna, ufagio ulisimama.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakusema mwenye kikohozi afanye nini akisimamishwa mbele ya dawa asiyo na ruhusa ya kuigusa. Yumna ni mwalimu wa hisabati, darasani habahatishi wala hababaiki. Hapa alisahau hata pa kuiweka mikono yake.

"Asalaam alaykum, mwalimu."

"Wa alaykum salaam, fundi."

"Umepapenda?"

"Nimepapenda," Yumna alijibu, na macho yake wala hayakuwa kwenye mawe.

Nabhan akamwomba aimbe kidogo. Yumna akapanda juu ya jiwe, akafumba macho kama ilivyo ada yake, akatoa mstari mmoja mwepesi. Sauti ilikwenda, ikagusa majabali, ikamrudia imenenepa. Alifumbua macho akacheka kwa furaha, na Nabhan akacheka naye, na kwa muda wa pumzi mbili tatu hapakuwa na tatizo lolote duniani.

Kisha Yumna akauliza alilokuja kuliuliza. Mamake Nabhan, Bi Khairiya, kasemaje?

Nabhan akaokota ufagio. Mtu anayeokota ufagio badala ya kujibu ameshajibu. Alisema jana amekaa na mamake tangu baada ya Isha, akamwomba kwa uzuri, akamkumbusha kwamba leo ndiyo siku. Bi Khairiya alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hatatia mguu Mvumoni, na hatatia mguu kwa kina Yumna kupeleka posa. Mdomo uliomtukana mbele ya watu hauwezi kuja kula mezani kwake.

Na hapa lazima tuirudie harusi lilikotokea tusi hilo, kwani bila hiyo mtu atamwona Bi Khairiya mkatili, naye si mkatili. Ilikuwa mwaka jana, Madungu. Yumna aliimba wimbo uliokuwa ukipendwa mno siku zile:

*Wajitapa kwa ghorofa, msingi wa kuazima,*
*Masika yakikufika, tuone kama ni wima.*

Ada ya taarabu inajulikana. Anayeinuka kumtunza mwimbaji kwenye ubeti huufanya ubeti ule kuwa neno lake yeye, na mwimbaji akishatunzwa hana budi kuurejea. Siku hiyo aliyeinuka alikuwa Bi Mwanakhamis, jirani ya Bi Khairiya, aliyemtaka Nabhan kwa ajili ya bintiye akakataliwa. Alikuja na noti yake anacheza polepole, na kabla ya kufika kwa mwimbaji akakizunguka kiti cha Bi Khairiya mara tatu. Ukumbi mzima ukaelewa. Ukoo wa Bi Khairiya ulikuwa na mashamba ya karafuu zamani, na kilichowabakia ni ile ghorofa ya Madungu tu, yenye ufa ukutani. Yumna akapokea noti, akaurejea ubeti. Mara tatu. Bi Khairiya alitoka ukumbini kabla ya biriani.

Tangu hapo alikuwa na yakini kwamba mwimbaji na mtunzaji walipanga.

"Leo ni leo, Nabhan," Yumna alisema. "Baba kashanambia. Posa ya Fahd wa Wesha ina mwezi mzima, na watu wale ni watu wazuri, hawezi kuwaweka tena. Leo baada ya Magharibi atawapa jibu. Kama kuna mwengine wa kubisha hodi, abishe kabla."

"Basi ntabisha mie." Nabhan alisogea hatua moja, akasimama pale adabu inapoishia. "Nshazungumza na ami yangu. Taarabu ikisha tu, tunakwenda naye kwa babako. Tunaposa, tunaoana. Mama atajua baadaye."

"Bila ya yeye?"

"Atakasirika, kisha atapoa. Mie ni mwanawe."

Yumna alitikisa kichwa. Aliyangoja maneno hayo miezi mingi, na sasa yalipokuja aliyaona mazito kuliko alivyodhani.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Posa isiyo na mamako siitaki. Kakulea peke yake toka una miaka minne. Mlango wake ule siuvunji, Nabhan. Nikiingia kwa kuuvunja, kila asubuhi ntapita juu ya vipande."

"Kwa hiyo unamtaka Fahd."

Lilikuwa neno la kipumbavu, na mwenyewe alilijua kabla halijamaliza kutoka. Hata watu wazuri husema upumbavu wakiumwa. Yumna alimtazama mpaka akainamisha macho.

"Mie namtaka nani, unajua weye na anajua Mola," alisema. "Lakini sikiliza, kwani hili sijamwambia mtu. Siku ile ya harusi mie sikumwona mtu yeyote. Nikiimba hufumba macho, hata leo umeniona. Nilihisi noti mkononi, nikaurejea ubeti kama nilivyofunzwa. Nilipofumbua macho nikaona kiti kitupu, na Bi Mwanakhamis anacheka. Ndipo nilipojua nimefanywa fimbo ya kumpigia mtu. Noti ile niliitia katika sanduku la msikiti kesho yake asubuhi, na wimbo ule sijauimba tena mpaka leo. Nimeombwa Wete, nimeombwa Chake, nimekataa. Mzee Ngwali kanifokea. Nimekataa."

Kijiwe kikaporomoka kutoka juu, kikagonga baraza, kikatua mchangani. Wote wawili wakainua vichwa. Juu hapakuonekana kitu.

"Tumbili hao," Nabhan alisema bila kujali. "Kwa nini hukunambia haya?"

"Ningekwambia ungekwenda kumwambia mamako, naye angesema nimekutuma. Mtu aliyeumizwa mbele ya watu haponyeshwi na salamu za kutumwa." Akautengeneza mtandio wake. "Namheshimu, Nabhan. Angekuwa si mtu wa heshima yasingemuuma vile. Kama hataki, basi. Ntaolewa na Fahd, ntamtii, na weye ntakuombea kheri. Ila kukutoa mikononi mwa mamako, hilo sitalifanya."

Kiapo cha asubuhi kikavunjika hapo. Alilia kimya kimya, kwa haraka, kama mtu anayemaliza kazi kabla ya wageni kuingia. Mkono wa Nabhan uliinuka nusu ukarudi chini. Ruweida aliita kutoka juu kwamba magari yameanza kufika, na Yumna akajifuta kwa pembe ya mtandio wake, akaondoka bila kuaga.

Watu wakija kusikiliza taarabu kwa mara ya kwanza baina ya majabali, huja na mashaka yao na mikeka yao. Baada ya sala ya Alasiri baraza zote zilijaa, wanawake kulia, wanaume kushoto, harufu ya udi inapanda juu ya harufu ya mwani. Wengine walileta na chupa za chai. Waliuliza spika ziko wapi, wakacheka. Kisha Mzee Ngwali akagusa nyuzi za ganuni, na kicheko kikakatika. Kila uzi ulisikika mpaka kwa mtu wa mwisho, safi, kama unapigwa juu ya paja lake. Fidla ikafuata, udi wa nyuzi ukafuata, na Yumna, aliyekaa pembeni akingoja zamu yake, akamwona Nabhan amesimama karibu na mawe mawili ya mlangoni, uso wake hauna hata chembe ya ushindi. Mtu amejenga ndoto yake kwa mikono yake, imesimama, na haimfurahishi. Yumna akauhisi uchungu wa Nabhan kuliko wake.

Zamu yake ikafika jua likiwa juu ya bahari kimo cha mtu. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke ikatoka baraza ya tatu: aimbe Ghorofa. Wengine wakaitikia, kwani wimbo ulikuwa mtamu na wengi hawakujua habari yake. Bi Mwanakhamis alikuwa ameshainuka, amevaa dhahabu zake zote, noti imekunjwa baina ya vidole viwili. Alikuja akicheza vilevile kama mwaka jana, akafika mbele ya jiwe, akanyoosha mkono.

Yumna hakufumba macho. Aliutazama ule mkono, akaiweka mikono yake nyuma.

"Ahsante, Bi Mwanakhamis," alisema kwa adabu, na jabali likaichukua sauti yake hadi kila baraza. "Huo siuimbi tena. Ulimuumiza mtu asiyenikosea."

Kukataa tunzo mbele ya kadamnasi ni jambo ambalo Pemba hawajaliona. Mzee Ngwali aliacha vidole hewani juu ya ganuni. Bi Mwanakhamis alisimama pale na noti yake, asijue airudishe mkobani au aitupe, na watu wakawa wanamtazama, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyetamani kutoka ukumbini. Tatizo ni kwamba Mvumoni mlango ni mmoja na mwembamba. Akarudi kukaa.

Yumna akamwambia Mzee Ngwali jina la wimbo mwengine, ule aliouandika mwenyewe wiki ile na kuufanyia mazoezi mara mbili tu. Ganuni ikaanza kwa kusitasita, fidla ikaishika mkono. Akaimba macho wazi, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani mwake. Aliogopa angewaona watu angesahau maneno, na kweli aliwaona wote, na hakusahau hata moja.

*Sivunji mlango wako, nabisha hodi mwenyeji,*
*Nifungulie ni wako, usipofungua siji.*

Na kwa kuwa macho yalikuwa wazi, alikuwa wa kwanza kuona.

Juu kabisa, ndani ya jiwe lililopinda, kwenye ile baraza ndogo ya Sikio, katikati ya wanawake waliobanana, mtu mmoja aliinuka. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, wa baibui jeusi lisilo nakshi, na vumbi jeupe la mawe limemshika mgongoni, vumbi la mtu aliyekaa pale tangu mchana. Akaanza kushuka ngazi alizozichonga mwanawe, moja moja, mkono ukishika jiwe. Wanawake walimpisha. Mmoja alinong'ona jina lake, na jina likashuka kabla yake kutoka baraza hadi baraza, mpaka likafika upande wa wanaume, na Nabhan akaligeukia kama aliyeguswa bega.

Bi Khairiya alikuwa ameapa hatatia mguu Mvumoni. Lakini ni mama, na kile kilikuwa kitu cha kwanza kikubwa kujengwa na mwanawe. Kwa hiyo alifanya wanavyofanya watu wenye kiburi na mapenzi kwa pamoja. Alikuja saa sita na nusu, kwa njia ya nyuma ya mashamba, fundi mwenyewe akiwa bado hajafika, akachagua mahali pa juu palipojificha ili aone asionekane. Mahali hapo hakuna aliyemwambia panaitwaje.

Yumna aliendelea kuimba kwa sababu hakujua afanye nini jengine. Bi Khairiya akapita mbele ya Bi Mwanakhamis bila kugeuza shingo, akafika kwenye jiwe. Hakuwa na noti. Aliingiza mkono ndani ya baibui, akachomoa kikuba kilichokuwa kifuani kwake, asumini na rehani zimefungwa kwa uzi, bado zina joto la mwili wake. Akakibana kwenye mtandio wa Yumna, karibu na shavu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuwapamba maharusi.

Fidla ilinyamaza yenyewe.

"Macho umeyafumbua leo," Bi Khairiya alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Nimeyafumbua, Bi Khairiya."

"Ndo vyema. Mwambie na huyo fundi wako, mie si tumbili."

Yumna akaelewa. Kila neno lililosemwa pale mchana, machozi na Fahd na vipande vya mlango, yote yalikuwa yamepanda jabali yakaingia katika sikio la mama huyu. Akafungua mdomo kuomba radhi.

"Nyamaza," Bi Khairiya alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mwaka mzima nimekuchukia kwa kosa la mwengine. Radhi niombe mie. Ubeti huu nshautunza, na ada unaijua, sasa ni neno langu. Mwambie babako asimjibu mtu. Jioni hii, Magharibi ikishasaliwa tu, mie ndiye ninayekuja kubisha hodi. Nikufungulie, unifungulie, yaishe."

Alidhani anamnong'oneza mtu mmoja. Mama wa watu alikuwa amelisahau tena jabali. Kule juu, Sikioni, wanawake waliobanana wakaipokea ile posa neno kwa neno, wakatazamana, na kigelegele cha kwanza kikatokea huko huko. Kikagonga jabali la kulia, kikarukia la kushoto, vyengine vikakifuata, mpaka Mvumoni nzima ikawa inavuma na hata wasiosikia kitu wakawa wanapiga vigelegele kwa kuwasaidia wenzao. Ruweida, jicho la nyumbani, alikuwa amesimama juu ya baraza na simu imemdondoka. Nabhan alikuwa amekaa chini mchangani pale pale mlangoni, viganja usoni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko au kilio, na yumkini yeye mwenyewe hakujua kipi.

Bi Khairiya akageuka kuwatazama watu, kidevu juu, kama mwenye nyumba ya ghorofa isiyo na ufa.

"Unangoja nini, mwanangu?" alimuuliza Yumna. "Ubeti ukitunzwa hurejewa."

Yumna akaurejea. Mara tatu, macho wazi.